Siku Niliyofagia Alama ya Kinga

Harufu ya solisyo inanitia hasira. Solisyo ni ile gundi ya kubandikia viraka kwenye mpira wa kinga, na kinga ndiyo baiskeli, kwa msiokulia Lubumbashi. Juzi binti yangu Naomie alirudi nyumbani akiburuta kinga yake ndogo, tairi la nyuma limelala kabisa, nikampeleka kwa fundi wa kona yetu huku Kampemba. Fundi akachomoa mpira wa ndani, akausugua kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa misumari, akafungua kichupa. Kabla sijageuza uso, Papa, baba yangu, alikuwa ameshaniingia puani.

"Maman, unakasirikia nani?" Naomie akauliza.

"Hakuna."

"Mbona unaangalia uyu papa vile?"

Fundi wa watu akainua macho, akafikiri amekosea kitu. Nikamwambia aendelee. Hakuwa na kosa. Siku hizi ninaowaangalia vibaya ni watu wasio na kosa, kwa sababu wale wenye kosa, mmoja amelala kaburini na mwingine ni kaka yangu, na nampenda.

Nyinyi wa rika langu mnajua tulivyolelewa. Mtoto aliambiwa jambo mara moja, basi, limekwisha, linakuwa sheria mpaka aote mvi. Hakuna mkubwa aliyerudi baadaye kukwambia, samahani, lile tulilokuambia halikuwa kweli. Mimi nilingoja mpaka nikazaa watoto wawili.

Papa alianza maisha kwa kubeba makala, yaani makaa ya kupikia. Alikuwa mmoja wa wale wanaume mnaowaona mpaka leo wakitoka porini, kinga imebebeshwa mifuko mpaka mwenyewe haonekani, wanaisukuma kwenye vilima huku kifua kikikaribia kugusa udongo. Mgongo ulipokataa, akafungua sehemu yake ya kutengeneza kinga kando ya barabara, chini ya turubai. Lakini miguu ilikuwa bado inataka njia. Akaihamishia hamu hiyo kwa kaka yangu Trésor, ambaye nilimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Akamtengenezea VTT, ile kinga ya porini yenye matairi ya meno, kutoka maiti za kinga nyingine: fremu ya huku, magurudumu ya kule, breki za mahali asipopataja. Akasema kijana wake atakimbia mbio ndefu.

Mbio zenyewe hazikuwa zile za lami, za kuzunguka mji watu wakipiga makofi. Zilikuwa za porini. Mnaondoka alfajiri, mnafuata njia za wabeba makala, mnarudi jua likiwa limeshapita kichwani. Na sharti lilikuwa moja: kinga ikiharibika, unatengeneza mwenyewe, ulipo, kwa vile ulivyobeba. Ukipokea mkono wa mtu, umetoka. Mwaka ule kampuni moja ya mgodi ilikuwa inatafuta vijana wa kuvaa jezi yake, wapewe kinga mpya na kazi. Yaya alikuwa na miguu. Nyumba nzima ilijua. Hata mbwa wetu nadhani alijua.

Kwa hiyo mazoezi ya Papa yalikuwa nusu kukimbia, nusu kutengeneza. Tulitoka watatu. Yaya mbele juu ya VTT, Papa nyuma juu ya kinga yake nzito ya chuma, na mimi nyuma ya Papa, juu ya pale pa kubebea mizigo, nimekumbatia kopo la maziwa lenye vifaa: viraka vilivyokatwa kutoka mipira mizee, solisyo, rayoni kadhaa, zile spoku za gurudumu, msumari wa kusukumia pini ya mnyororo. Tulipita upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu na kunifanya niiname kila mara, halafu lami inaisha, udongo mwekundu unaanza, na baada ya udongo njia zinakuwa nyembamba kama mshipi, zinapinda kati ya vichuguu vikubwa kuliko nyumba yetu. Kiangazi pori lote lilinuka majani yaliyoungua. Vumbi lilikuwa na ladha. Mpaka leo nikilamba kidonda cha mdomo naikuta ladha ile, ya chuma na udongo.

Papa hakumhurumia Yaya. Kwenye vilima alimfungia mfuko wa makala nyuma ya kiti, akamkataza kuongea. Halafu, Yaya anapofika juu, ulimi nje, mikono inatetemeka, Papa anapita nyuma yake taratibu kama mtu anayetafuta pa kukojoa, na tunasikia tairi linapumua.

"Papa, umetoboa tena?"

"Miye? Ni muiba."

"Muiba iko mu mukono yako."

"Basi ni muiba ya mu mukono. Tengeneza."

"Acha nipumuzike kwanza."

"Siku ya mashindano utaambia nani akuache? Utaambia miti? Tengeneza, kijana. Mukono inatetemeka njo inafundishwaka. Ile imetulia iliisha kuyua." Alimaanisha mkono unaotetemeka ndio unaofundishwa, uliotulia umeshajua.

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Porini hakuna beseni la maji la kuzamisha mpira ili uone mapovu. Unaujaza pumzi, unaupitisha karibu na mdomo wa juu, polepole, na pale penye tundu unahisi upepo mwembamba, baridi, kama mtu anakunong'oneza. Mdomo wangu ulikuwa unajua kuliko wao wote wawili. Papa alisema ni kwa sababu ulikuwa bado haujachomwa na pombe wala uongo. Aliniita Kamama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Kamama, leta mudomo," anasema, na mimi nashuka, najiona mtu mkubwa, naupitisha mpira, nasema, "Hapa." Yaya alijifunza kwangu. Alinikodolea macho, akaiga, na alipolipata tundu mwenyewe mara ya kwanza alinipiga kofi la mgongo mpaka nikakohoa.

Tulijifunza mengine pia. Mpira ukipasuka vibaya mpaka kiraka hakishiki, unaukata, unaufunga fundo, unaurudisha, na kinga inakwenda ikirukaruka kama mbuzi. Mpira ukifa kabisa, unang'oa majani makavu, unayashindilia ndani ya tairi mpaka liwe gumu, na unafika nyumbani juu ya nyasi. Gurudumu likipinda, unatafuta miti miwili iliyoota karibu karibu, unalichomeka katikati, unalisukuma kwa goti. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, na nasema hivi nikiwa mtu niliyeolewa kwa mapenzi.

Sasa, kulikuwa na sheria ya alama. Wabeba makala waliishika sana, na Papa aliileta nyumbani kwetu nzima nzima. Mtu akiondoka na kinga kwenda porini, alama ya matairi yake uani haifagiwi mpaka arudi. Ukiifagia, umemfungia njia. Kwetu ua ulifagiwa kila asubuhi, na fagio lilikuwa langu, lakini siku Papa na Yaya wanapoondoka mapema fagio linasimama ukutani. Mama alikuwa hata anafunika mwanzo wa alama, pale mlangoni, kwa beseni lililogeuzwa, kuku wasiparue.

Nilimuuliza siku moja, "Na kule mbele, kuku wakipita?"

"Kuku haina shida."

"Na upepo?"

"Upepo pia."

"Sasa yulu ya nini miye nikifagia ni mubaya?"

Mama alikuwa anapepeta unga wa bukari, ugali wetu. Hakusimama. "Kuku haitakiake muntu mubaya," akasema. "Muntu njo anatakiaka."

Likumbukeni jibu hilo. Mimi sikuweza kulisahau.

Siku chache kabla ya mashindano tulikwenda mara ya mwisho. Kwenye mteremko wa mawe Yaya aliingia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Hakuanguka, lakini kinga ililia, sauti moja kavu, kama muwa unavunjwa juu ya goti. Papa akaigeuza kichwa chini. Akapitisha ukucha shingoni mwa kinga, pale fremu inapokutana na ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Akapitisha tena. Akatega sikio kana kwamba itamjibu.

"Kamama, enda utafute mayi," akasema.

"Mayi iko, Papa. Chupa iko inajaa."

"Ingine."

Nikaenda. Kijito kilikuwa mbali, karibu kikauke, nilichota kwa kiganja mpaka chupa ya pili ikajaa matope nusu. Niliporudi, shingo ya kinga ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi uliokatwa kutoka mpira wa ndani, umevutwa ukabana, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imefichwa vizuri. Ilipendeza. Yaya alikuwa amesimama mbali, anatazama miti.

"Papa, ni nini?"

"Tumeivalisha."

"Yulu ya sikukuu?"

Papa alimwangalia Yaya. Yaya hakugeuka.

"Eh," Papa akasema. "Yulu ya sikukuu."

Nikaruka ruka. Nikasema nami nataka. Papa akakata utepe mwembamba, akanifunga mkononi, na vidole vyake vilikuwa vinakosea fundo, yeye ambaye alikuwa anafunga mafundo gizani. Nikafikiri amechoka.

Asubuhi ya mashindano nilivaa gauni la kanisa. Nilikuwa nimeshika kopo. Mama akalitoa kopo mkononi mwangu, akampa Papa. Kule wanakwenda wanaume, alisema, kelele nyingi, magari, mtoto wa kike atafanya nini kule. Nikamwangalia Papa anitetee. Papa akafunga kamba ya kiatu chake, kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Wakaondoka. Alama mbili zikabaki uani, ya meno na isiyo na meno, zikipandana hadi kwenye lango.

Nililia, halafu nikachoka kulia. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu. Niliwaza, basi na mtobolewe, tuone nani atawatafutia tundu. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo. Kisha jua likapanda, hasira ikapoa, nikaanza kumwona Yaya akirudi na jezi mpya, watu wa mtaa wakimfuata, wakiingia kwenye ua wetu uliojaa majani na mavi ya kuku. Nikaona aibu. Mama alikuwa ameenda bombani. Nikasema moyoni, sheria ile ni ya makala, na leo hakuna aliyeenda kuchukua makala, ni mashindano. Kwa akili yangu ilikuwa hoja safi. Nikaondoa beseni. Nikafagia ua mzima, toka mlangoni mpaka langoni, nikanyunyiza maji, nikafagia tena, mistari imenyooka kama nywele zilizochanwa. Nilisimama na fagio nikajipenda.

Walimleta Yaya alasiri nyuma ya kamionete, gari dogo la mizigo. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na goti, sitaki kulieleza lile goti. Wanaume walimshusha wakamlaza juu ya mkeka. Papa akashuka mwisho, kinga begani, vipande viwili, gurudumu la mbele linaning'inia kwa waya wa breki. Akakaa chini, pale kwenye mistari yangu. Ua ukajaa majirani, ua wangu msafi, na baba yangu, ambaye sikuwahi kuliona chozi lake, akaanza kulia kwa sauti.

"Mukono yangu," alikuwa anasema. "Mukono yangu, Mungu wangu. Ni hii mukono."

Nilifikiri mikono inamuuma kwa kubeba.

"Nini ya mukono?" Mama akauliza. "Uliumia weye pia? Ongea."

Papa akafungua mdomo. Na hapo, kutoka mkekani, kwa mdomo uliovimba, Yaya akasema, "Nani alifagia?"

Watu wote wakaangalia chini. Ilionekana. Hata kipofu angeiona kwa miguu yake, ardhi bado ilikuwa na unyevu. Mama akaangalia ukutani lilipo fagio, halafu akaniangalia mimi. Na Papa akaacha kulia. Hilo ndilo ninaloliona mpaka kesho: namna alivyoacha, ghafla, kama bomba limefungwa.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga, fimbo ina mwisho. Mwanamke mmoja jirani akasonya, akasema, "Bantu ya siku hizi habafundishe batoto." Mama akasema, "Ni mutoto," mara mbili, kwa sauti ambayo ilikuwa na maana kwamba ndiyo, ni yeye. Papa akaweka mkono juu ya kichwa changu alipopita kuingia ndani.

Mimi sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kuku hamtakii mtu mabaya, mtu ndiye anayemtakia, na mimi nilikuwa nimemtakia. Nilikuwa nimesema, mtobolewe. Fagio lilikuwa limebeba tu neno langu likampelekea.

Goti la Yaya halikukunjika tena sawasawa. Jezi ikaenda kwa kijana mwingine. Papa akaendelea na kazi yake chini ya turubai, na wateja wakaendelea kuja, wakampa pole kwa mkosi ulioingia nyumbani kwake. Hakuniita tena kuleta mdomo. Nilipopita karibu na kinga iliyolala, yeye aliinama akatafuta kitu ndani ya kopo. Nikaelewa, au nikajidanganya kwamba nimeelewa: mkosi hauwekwi karibu na kinga. Nikaanza kuzunguka kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele yake.

Nilimchemshia Yaya maji ya kukanda goti mpaka nikawa msichana wa kuvunja ungo. Nilimfulia. Alipohitaji kitu, nilikuwa nimeshasimama. Watu wakasema, ona mutoto muzuri, anamupenda yaya yake. Shuleni nilisoma mpaka nikamaliza sekondari, lakini sikuwahi kupanda kinga, hata ya kukodi, hata wenzangu wote wakicheka. Niliwahi kuungama kanisani. Padri akaniuliza ni nini hasa nilichofagia, nikamwambia ni ua, akasema kufagia si dhambi. Nilitoka nikiwaza, huyu hana kaka.

Papa alipokufa, siku ya kumuaga, niliinama juu ya jeneza nikamwomba radhi. Kwa maneno. Nikamwambia, Papa, unisamehe ule ua. Shangazi zangu wakanivuta wakidhani nazimia.

Haya. Miezi kadhaa baada ya msiba nilikwenda kula kwa Yaya. Anafanya kazi kwenye depo ya jumla ya watu wa Kivu ya Kaskazini, anahesabu magunia akiwa amekaa, kwa ajili ya goti. Ni mcheshi, watoto wangu wanampenda. Tunakula bukari na samaki wadogo, Naomie anamwangalia mjomba wake akinyoosha mguu, ambao sisi tunauita mukulu, chini ya meza.

"Tonton, mukulu yako ilifanya nini?"

"Kinga ilinikatikia shingo, mama. Ilikuwa inapasuka tangu mbele. Papa yetu aliifunga na mpira akasema itanifikisha. Ilinifikisha mpaka mu mawe." Akacheka. Akachukua samaki.

Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Nakumbuka nililirudisha kwenye sahani kwa adabu.

"Papa aliyua?" nikauliza.

"Aliyua nini?"

"Kama inapasuka."

"Mudogo yangu, aliiona na macho yake, si ulikuwa pale? Bon, alikutuma mayi." Akaniangalia, tabasamu likaanza kumpungua. "Weye ulikuwa unafikiri ni nini?"

"Ni fagio."

"Fagio gani?"

Alikuwa amesahau. Nawaambieni, alikuwa amesahau. Ilibidi nimkumbushe swali lake mwenyewe, mimi niliyelala nalo kila usiku. Akacheka tena kwanza, cheko la mtu anayetafuta mlango. "Mpaka leo? Weye muntu mukubwa, na masomo yote ile?" Halafu akaona uso wangu, akamwambia Naomie akacheze nje.

Akaniambia taratibu. Alikuwa ameomba wabadilishe fremu. Papa alikuwa amesema hakuna wakati, iko tu siku chache, utepe utashika, baada ya mashindano tutaona. Na yeye alikubali, kwa sababu aliitaka ile jezi kuliko shingo yake. Na pale uani Papa alikuwa anakwenda kusema. Mbele ya majirani wote, watu wanaomletea kinga za watoto wao.

"Nilisikia anaanza, mukono yangu, mukono yangu," Yaya akasema. "Angemaliza, nani angemuletea kinga tena? Tungekula nini? Nikaona bulongo ya mu ua inafagiwa. Nikasema kile kilikuya mu mudomo. Nilitaka tu anyamaze."

"Alinyamaza."

"Eh."

"Na miye? Munaniweka wapi miye?"

"Ulikuwa mutoto. Tulisema utasahau."

"Nilikuwa sijang'oa hata jino moja ya utoto, Trésor." Sikumwita Yaya. Ilikuwa mara ya kwanza maishani. "Mulikuwa banaume babili. Mukatafuta mwenye bega ndogo."

Alikuwa anasugua goti lake, na mimi, mwili wangu mjinga, nilikuwa nimeshaanza kusimama kwenda kumchemshia maji. Nikakaa tena kwa nguvu mpaka kiti kikalia.

Nilipokuwa natoka akanifuata mpaka langoni, akivuta ule mguu. "Usimwambie Mama," akasema. "Iko muzee. Papa njo kintu anabakia naye. Akiyua hii, atamuzika mara ya pili. Nakuomba, mudogo. Weye uko na nguvu, tangu zamani uko na nguvu."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Si kwa yale ya zamani. Kwa hili: walikuwa wananirudishia mzigo uleule, umefungwa kamba mpya, na wananisifia mgongo.

Nilikwenda kwa Mama asubuhi yake, nikiwa bado nawaka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua majani ya sombe, yaani kisamvu, vidole vyake vinaenda vyenyewe. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, ufa, utepe, mayi niliyotumwa kuchota, swali la Yaya. Nilisema vibaya. Nilisema kama mtu anayemwaga maji machafu. Nilitaka ashike kichwa, aseme, mutoto yangu, tulikufanya nini. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo bila kujua kwamba naisubiri.

Vidole vyake vikasimama.

"Donc alikaa na ile miaka yote," akasema.

"Nani?"

"Papa yako." Akaangalia majani mapajani mwake kana kwamba hajui yametoka wapi. "Nilikuwa naonaka hakuangaliake mu macho. Nikafikiri anakuwekea kinyongo mu roho. Nilikuwa namusemesha kila mara, yeye iko mutoto, musamehe. Nilimusumbua, mama. Mpaka mu lopitalo, mbele ya kufa, nilikuwa namuambia, musamehe mutoto. Na yeye ananiangalia tu. Hakuwa na wa kuambia."

Akajifunika uso kwa kikwembe alichojifunga, akaanza kulia kwa sauti ndogo ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua majirani. Hakuniuliza mimi nilikaa na nini. Nilisubiri. Nilisimama pale nikimchukia kidogo, nikisubiri, na sombe ikianguka chini kutoka mapajani mwake. Mabega yake yalikuwa yamekuwa madogo. Yaya alikuwa amesema kweli, Mama alikuwa anamzika Papa upya, na safari hii alikuwa anamzika mwongo, na ni mimi niliyekuja asubuhi na mapema kumwita kwenye mazishi.

Mwishowe nikakaa chini, udongoni, nikamshika miguu.

"Unisamehe, Mama," nikamwambia. "Ni miye nimekuletea hii."

Maneno hayo hayakunipa shida, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi utoto wangu wote. Mara hii tu kosa lilikuwa langu.